Hapo Dukani Tu

Mume wangu Othman hajui kukataa. Naanza na hilo kwa sababu hapa Munje kila mtu huanza na hilo, na wakilisema hulisema kwa kunisifia, kama kwamba nimeolewa na walii. Ukimkuta njiani na gari lake ukamwambia, "Ami Othman, nisogeze kidogo," atakusogeza, na kama kidogo chako ni Ukunda, atakufikisha mpaka Kona ya Musa, akushushie na mzigo, kisha arudi jua limekuchwa akiniambia alikuwa hapo tu. Amestaafu kazi ya kuwaendesha watalii kule Diani, lakini gari halijamtoka mwilini. Duka la Twaiba liko karibu hivi kwamba nikiita kutoka jikoni anaitika, naye Othman huenda kwa gari. Msikitini, kwa gari. Siku moja nilimkuta anawasha gari nikamwuliza anakwenda wapi, akasema kunyoa. Kinyozi tumepakana naye ua! Nilicheka mpaka nikakaa chini. Siku hizo nilikuwa nacheka.

Nilimwuliza miguu yake ina kosa gani. Akaniambia mtu mwenye gari akionekana anatembea, watu watasema gari limekufa, au amefilisika, au amegombana na mkewe.

"Basi gombana nami," nikamwambia, "uende kwa miguu."

Kisha mwanetu Muhsina akaja kwetu kujifungua, maana mimba ya kwanza huletwa kwa mama. Ni mtoto wetu wa pekee. Mumewe, Sufyan, anafanya kazi hotelini kisiwani Chale na huja nyumbani siku za mapumziko tu. Mimba ilipokuwa kubwa, presha ya Muhsina ikaanza kupanda. Nesi akatuketisha mimi na Othman, akatuambia bila kuficha: akilalamika kichwa kinamuuma sana, au akiona vimulimuli machoni, msingoje chochote, mleteni hospitali saa hiyo hiyo. Kifafa cha mimba huua mama na mtoto pamoja. Wakati nesi anasema nilikuwa namtazama Othman usoni, nione kama maneno yanaingia. Yaliingia, mpaka akatoka jasho.

Tulipofika nyumbani tukaagana hivi. Gari litakaa uani, uso wake umeelekea njiani, na mafuta ndani, mpaka Muhsina ajifungue salama. Ya dukani ni kwa miguu. Ya mbali kidogo ni kwa baiskeli, na baiskeli nikamtolea ya marehemu kaka yangu, nikaifuta vumbi mwenyewe, nikamwita fundi akaijaza upepo. Sikuwa naogopa mafuta kuisha. Nilikuwa namwogopa yeye. Anayekwenda kwa miguu huulizwa habari za nyumbani, akajibu salama, akapita. Mwenye gari huombwa, na wangu mimi akiombwa hana ulimi.

Mwanzoni alishika ahadi, wallahi simsingizii. Alitembea, na watu wakamsumbua kweli. "Ami, gari limekufa?" "Ami, kwema nyumbani?" Siku moja kijana mmoja wa bodaboda alimwonea huruma, akampakia kutoka dukani mpaka mlangoni petu, na Othman akaona haya kukataa. Alishuka kichwa chini kama aliyekamatwa na kuku wa watu. Nilimwambia avumilie, fedheha haiui mtu.

Asubuhi ile dada zake Sufyan walikuwa wanakuja kumwangalia wifi yao. Mimi niko jikoni nakuna nazi, Muhsina amelala ukumbini kwenye mkeka, sukari imebaki ya kulambia tu. Nikamwomba Othman aniletee. Mara nikasikia gari linawaka. Nikatoka mbio, mikono imejaa machicha.

"Baba Muhsina, tuliagana nini?"

"Sukari tu, Mama Muhsina. Hapo dukani tu."

"Baiskeli ile pale."

"Na wageni wakinikuta njiani nimening'iniza mfuko wa sukari kwenye baiskeli? Watasemaje?"

"Watasema umekwenda dukani."

Akacheka. "Kabla hujamaliza nazi hiyo, nimerudi."

Akaondoka. Simu yake aliiacha mezani inachajiwa, maana mtu anayekwenda hapo tu habebi simu.

Nilimaliza nazi. Nikachuja tui zito, nikachuja na la pili, nikabandika mchele. Nikatoka mpaka njiani nikatazama huku na huku, mchanga mtupu. Nikarudi nikisema moyoni, huyu leo atanijua. Ndipo nikasikia Muhsina ananiita, na sauti yake haikuwa yake.

"Mama. Kichwa kinapasuka."

Nikamwuliza anaona nini. Akasema anaona kama cheche zinamruka machoni. Uso ulikuwa umemvimba, na mimi asubuhi nzima niliudhani ni usingizi. Nikaishika simu nikampigia Othman, nikaisikia inalia pale pale mezani.

Bodaboda hazikuwepo. Mwenzao mmoja alikuwa amefariki, na vijana wote walikuwa wamekwenda Gazi kumzika, msafara mzima, kama ilivyo desturi yao. Nikapiga simu hospitali, wakaniambia gari la wagonjwa limetoka kumchukua mtu upande wa Ramisi, likirudi tu litakuja. Jirani mwenye lori la mchanga simu yake haikushika. Nikakimbia mpaka kwa Twaiba bila viatu, kanga ya kichwani imeanguka sijui wapi.

"Amenunua kitambo," Twaiba akasema. "Bibi yangu alikuwa hapa, akamwomba amsogeze mpaka barabara ya lami. Halafu mzee Dzombo akaja na magunia yake ya nazi, akasema na mimi pia."

Twaiba aliniona nilivyo, hakuuliza zaidi. Alifunga duka akanifuata. Muhsina tulimkuta amekaa, anatapika. Tukambeba tukamkalisha kwenye keria ya ile baiskeli, mimi nimeshika usukani nasukuma, Twaiba amemkumbatia kwa nyuma asianguke. Tulikuwa tunakwenda lami, tukasimamishe chochote kitakachopita. Njia yetu ni ya mchanga, na gurudumu likizama hapo ni mpaka ulinyanyue. Nilikuwa nasukuma nalia, nalia namlaani mume wangu kwa jina lake na la baba yake. Ya Rabi, nilisema, nichukulie chochote, nichukulie macho yangu, hawa wawili niachie.

"Mama, sioni," Muhsina akasema. "Mama, mbona kumekuwa giza?"

Jua lilikuwa linatuchoma. Nikamwambia, "Nishike bega, mwanangu, tumefika." Hatukuwa tumefika. Mwili wake ukakakamaa, meno yakafungana, akatuponyoka sote wawili akaanguka mchangani anatupa mikono na miguu. Twaiba akamlaza ubavu. Mimi nilipiga magoti pale nikamwita, nikamwita, na macho yake yalikuwa wazi lakini hayanijui.

Hapo ndipo gari la Othman likatokea kutoka upande wa lami, mbio, yeye peke yake ndani. Alishuka kabla halijasimama sawasawa. Alimbeba binti yake kama alivyokuwa akimbeba mdogo, tukaingia, tukaenda. Njia nzima sikumwambia kitu, maana niliogopa nikifungua mdomo nitamrukia, na usukani ameushika yeye.

Hospitali walifanya yao yote, sina la kuwalaumu. Muhsina alipasuliwa. Mtoto alikuwa wa kiume, mzima viungo vyote, ana nywele nyingi, naye hakuwa hai. Daktari alinieleza kwa upole kwamba wakati mama anapopigwa na kile kifafa, mtoto hukosa hewa tumboni, na kwamba mapema kidogo ingekuwa habari nyingine. Mapema kidogo. Maneno hayo niliyachukua nikaenda nayo nyumbani.

Othman alimpeleka mjukuu wetu makaburini kwa miguu, amembeba mikononi, Sufyan ubavuni kwake. Watu wawili walimwomba apande gari lao. Aliwakataa.

Walikuja watu wengi kutupa pole, na wengi wao walikuwa wameshawahi kupanda gari letu. Bibi yake Twaiba akanikalia karibu, akanishika mkono, akasema, "Subira, mwanangu. Mumeo ni mtu mwema sana, hakatai mtu." Nikamwambia, "Mimi alinikataa. Nilimwomba aende kwa miguu." Bibi akaushika mkono wangu vile vile, na mimi nikatamani auache.

Baada ya hapo nilimtesa Othman, sisemi vingine. Kila akiingia nilimwambia: umemuua mjukuu wangu kwa ajili ya magunia ya nazi. Akila, nilimwambia. Akitaka kuswali nilimngoja atoe salamu nikamwambia. Yeye alikuwa ananisikiliza mpaka mwisho, kisha anatoka. Alienda kwa miguu kila mahali sasa, gari limekaa uani kuku wanalala chini yake. Muhsina alikuwa amepona mwili, lakini hakuwa akizungumza sana, na maziwa yalikuwa yanamtoka bila mtu wa kuyanyonya. Nilikuwa namfunga kanga kifuani nikimwangalia, na hasira inanipanda upya, natafuta Othman yuko wapi.

Basi siku moja mchana nikasikia hodi. Alikuwa mwanamke kijana nisiyemjua, amembeba mtoto mgongoni, viatu vimejaa vumbi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Karibu."

Akasema anaitwa Sidi, kwao Kinango, mumewe anafanya kibarua cha kukata mawe na wamepanga chumba pale karibu na lami. Alipokea maji, hakuyanywa.

"Mama, mimi ndiye niliyemchelewesha baba siku ile."

Sikumwelewa. Akaeleza. Mtoto wake, Fondo, alishikwa na degedege la homa, yeye akasimama kando ya lami amemnyanyua juu, na magari yakawa yanampita. Othman alisimama. Alimshusha mzee Dzombo pale pale na magunia yake, akawakimbiza hospitali, akamwingiza mtoto ndani mwenyewe akipiga kelele kama baba yake. "Alikuwa anasema nyumbani wananingoja, nyumbani wananingoja," Sidi akasema. "Aliniomba simu apige, na mimi sina simu. Nilikuwa nimemshika kanzu, mama. Nilikuwa na hofu. Sikumwachia mpaka daktari alipomchukua mtoto." Kisha akasema walilazwa, halafu akapelekwa kwa mama yake Kinango, na ni juzi tu amerudi akasikia yaliyotufika. "Nimekuja kuomba radhi. Sijui niombe vipi."

Muhsina alikuwa amesimama mlangoni mwa chumba. Sijui alikuja lini. Alimwendea Sidi, akanyoosha mikono, akapewa mtoto. Fondo akamshika pua. Muhsina alikuwa amemshikilia mbali kidogo na kifua chake, maana kifua kilikuwa kimelowa, naye hakutaka kumlowesha mtoto wa watu.

Nilimwambia Sidi, "Mungu akukuzie." Nilisema kwa kuwa hakuna mtu anayeweza kusema jingine mbele ya mtoto. Moyoni nilikuwa nimeungua. Nilimtazama yule mtoto anavyocheka na meno yake mawili, nikawaza hili ambalo sitaki kuliwaza mpaka leo.

Sidi alipokwenda, Othman akarudi kutoka msikitini. Nilimngojea mlangoni.

"Mbona hukuniambia?"

Alijua mara moja. Akavua viatu taratibu, akaviweka sawa.

"Ningekwambia nini, Mwanafatuma? Kwamba wa Sidi amepona? Ungemchukia mtoto wa watu. Afadhali unichukie mimi."

"Ungeniacha nikuite muuaji mpaka lini?"

"Mpaka uchoke."

Akapita ndani. Mimi nikabaki pale nimeshika nguzo ya baraza. Nilikuwa na mtu mmoja wa kumlaumu hapa duniani, mmoja tu, na alikuwa akinisaidia kusimama. Sasa nimenyang'anywa hata huyo, na uchungu uko pale pale, hauna pa kwenda.

Jioni niliwaandalia chakula. Muhsina alikula tonge mbili akarudi chumbani. Nikakaa upande wa pili wa sinia, nikamtazama Othman anavyotafuna bila kusikia ladha, na yale maneno yangu yakanijia mdomoni kama kawaida: ungekwenda kwa miguu, wetu angeishi. Nikayashika. Nilikuwa nimeona kwamba ndani ya maneno hayo yumo na Fondo, na kwamba nikiyasema nitakuwa nimemwomba Mungu amchukue yule badala ya wetu. Basi nikamsogezea mume wangu samaki, naye akasema ahsante.