Mashahidi Watatu

Wivu wa Baba Pacha ulianza siku alipoitwa shemeji kwenye ofisi yake mwenyewe.

Alikuwa ametimiza miaka kumi na mmoja katika kitengo cha mawasiliano cha kampuni ya maji. Mkewe alikuwa na minne, na ni Baba Pacha aliyemleta pale. Mwanzoni wote walimwita Mama Pacha shemeji, kwa heshima ya mumewe. Sasa asubuhi moja Miwani, mwenzao wa meza ya dirishani, anapita na kikombe chake cha chai na kumwambia bila hata kusimama, "Shemeji, mwambie Mama Pacha ule mpango wake nimeusoma. Moto!" Shemeji! Yeye, aliyezivuta nyaya za ofisi ile kwa mikono yake! Baba Pacha alicheka kidogo, cheko la kulazimisha, na roho ikaanza kumuuma.

Tuseme ukweli, mpango wenyewe ulikuwa mzuri, na hapo ndipo palipomchoma. Juu ya kilima kuna tangi kubwa, na ndani yake kipimo kinachotuma kwa redio kina cha maji hadi chumba cha udhibiti, ili pampu zizimwe kabla tangi halijafurika na kumwagia nyumba za bondeni. Namba inasafiri ikiwa sifuri na moja tupu, na hewani kuna kila aina ya takataka: radi, mitambo, redio za watu wengine. Sifuri inaondoka ikiwa sifuri, inafika ikiwa moja, na kipokezi hakina namna ya kuuliza, "Umesemaje?"

Dawa ya Baba Pacha ilikuwa kutuma kila kitu mara tatu na kuamini kilichosikika mara nyingi zaidi. Salama, lakini betri ya kipimo ingekwisha haraka mno. Mama Pacha alikuja na yake. Kila tarakimu nne aliziwekea tatu za kuzisindikiza, ambazo hazisemi lolote kuhusu maji. Kitengoni waliziita mashahidi. Kila shahidi analinda tarakimu tatu kati ya zile nne, na anachojua ni kama jumla yake ni shufwa au witiri, basi. Moja ikigeuka njiani, baadhi ya mashahidi wanalalamika na wengine wananyamaza, na kwa kuangalia nani kalalamika, kipokezi kinaijua tarakimu iliyogeuka na kuirudisha kama ilivyokuwa. Mkuu wa kitengo alisoma karatasi ile mara moja tu, akaiweka ya mume kando na kuichukua ya mke.

Kitengo kile kilikuwa na desturi yake. Hakuna mpango uliotoka bila kupewa mtu mmoja auvunje. Alikuwa na siku tatu za kuutafutia tundu, kisha anajaza fomu: ama anaandika tundu lenyewe, ama anaandika maneno mawili, "Nimejaribu, nimeshindwa." Baba Pacha ndiye aliyekuwa bingwa, na ndiyo maana walimwita Bomoabomoa. Kwa miaka yote hiyo alikuwa ameandika maneno yale mara mbili tu. Mkewe alikuwa amevunjiwa mipango sita na yeye, na kila akikamatwa, Baba Pacha aliangua kicheko cha ushindi hadi meza za jirani, naye Mama Pacha akimrushia kalamu huku akicheka vilevile.

"Mpeni Bomoabomoa," Mama Pacha aliwaambia wenzake kikaoni. "Akishindwa yeye, mimi nalala usingizi."

Watu wakacheka. Mtu mwingine angesikia hapo sifa. Baba Pacha, kwa kijicho kilichokwisha kumkaa, alisikia dharau. Ananivika kilemba cha ukoka mbele za watu, alijisemea. Anajua siwezi kumvunja, anataka nikiri kwa mwandiko wangu.

Alipeleka karatasi mezani kwake, na kabla ya chakula cha mchana alikuwa ameshaliona tundu.

Mashahidi wale wana uwezo wa kurekebisha kosa moja. Yakiwa mawili katika fungu moja la tarakimu saba, wanapotea, na ubaya wake ni kwamba hawajui kuwa wamepotea. Wanamnyooshea kidole tarakimu asiye na hatia, kipokezi kinamgeuza, na namba ya uongo inatoka kwenye kioo cha chumba cha udhibiti ikiwa imetulia kabisa. Sasa pale kilimani, pampu ya pili inapowashwa, injini yake hutoa mshindo wa umeme unaoharibu tarakimu kadhaa zinazofuatana. Hauchagui moja moja, unazoa mkumbo mzima. Na Mama Pacha alikuwa anatuma mafungu yake moja baada ya jingine, kila familia ndani ya gari lake. Ajali moja, familia imekwisha.

Baba Pacha alifungua mdomo acheke. Kisha akaufunga.

Jaribio lilikuwa Alhamisi, mbele ya wakurugenzi. Alijiona amesimama nyuma ya chumba, pampu inawashwa, namba inaharibika, mkewe anatoka jasho, na yeye anasogea mbele taratibu na kusema, "Jamani, msihangaike, tatizo nimeliona." Hakuna atakayeumia, alijiambia. Mlinzi wa tangi atakuwa pale pale na simu mkononi. Hivyo ndivyo mtu mzima, baba wa watoto wawili, alivyokaa akampangia mke wake aibu na kujiona ana huruma.

Jioni nyumbani, pacha walikuwa wanagombania kifutio. Mama Pacha alimkalisha kila mmoja upande wake, kisha akamgeukia mumewe.

"Umeona chochote?"

"Bado."

Siku ya pili alimwuliza tena, safari hii akiwa amesimama mlangoni na taulo begani.

"Hata kadogo?"

"Mama Pacha, kazi yako ni safi. Unataka nikubunie kasoro?"

Mkewe alimtazama. Ona anavyovimba kichwa, Baba Pacha aliwaza, akajificha nyuma ya gazeti.

Siku ya tatu aliandika: "Nimejaribu, nimeshindwa." Akasaini. Mkewe aliipokea fomu, akaisoma, akasema, "Ahsante, mume wangu," na kuondoka nayo.

Alhamisi chumba cha udhibiti kilijaa. Mkuu alivaa tai. Kila namba ilipotokea kwenye kioo, Miwani alimpigia mlinzi wa kilimani athibitishe kwa kijiti cha kupimia. Mita tatu na nusu, sawa. Namba kumi zikaja, kumi zikawa sawa. Wakurugenzi wakaanza kupiga makofi, Mkuu akaanza kufunga shughuli, na pampu ya pili hakuna hata mmoja aliyeitaja.

Baba Pacha aliona nafasi yake inapita. Akapaza sauti.

"Mkuu, samahani. Kabla hatujafunga, tuwashe pampu ya pili."

"Nusura niisahau!" Mkuu alisema, na kwa namna ya ajabu akatabasamu. "Iwasheni."

Pampu ikawashwa. Baba Pacha akagandisha macho kwenye kioo. Namba ikaja: mita tatu na sentimita hamsini na mbili. Miwani akasikiliza simu, akainua dole gumba.

"Zimeni, muwashe tena," alisema Baba Pacha.

Wakazima, wakawasha. Sawa. Wakarudia mara ya tatu. Sawa tena.

"Waheshimiwa," Mkuu alisema, akimshika Baba Pacha bega, "huyu bwana ndiye aliyegundua kwamba pampu hii ikiwaka inauharibu ujumbe. Kama si yeye, leo tungeumbuka. Mke akaliziba tundu, mume ndiye aliyeliona. Nyumba moja hiyo!"

Makofi yakamwangukia. Ndiyo makofi yale yale aliyokuwa ameyaota tangu Jumatatu, na sasa hakujua mikono yake aiweke wapi. Alimtafuta mkewe kwa macho. Wote walikuwa wanatazama kioo au wanamtazama yeye kwa furaha. Mama Pacha alikuwa anamtazama pia, lakini uso wake ulikuwa umeshuka.

Mama Pacha akatoka, naye akamfuata hadi kwenye korido, karibu na kabati la vifaa vya zimamoto.

"Pampu ya pili uliijuaje?" mkewe alimwuliza kwa sauti ya chini.

"Nilitaka uhakika tu..."

"Baba Pacha."

Akayakimbiza macho kwenye kabati.

"Lile tundu nililiona mwenyewe jioni ile ile niliyokupa karatasi," alisema Mama Pacha. "Nikachanganya mafungu. Natuma tarakimu ya kwanza ya kila fungu, kisha ya pili ya kila fungu, hadi mwisho. Mkumbo ukipita unachukua mmoja mmoja katika kila familia, na mashahidi wanawarudisha wote. Nilimaliza kabla sijapika. Wewe nikakuachia karatasi ya zamani makusudi. Nilitaka nikusikie ukicheka."

"Mama Pacha..."

"Subiri. Siku ya kwanza ukasema bado. Nikasema amechoka. Siku ya pili, nikasema watoto wamemsumbua. Siku ya tatu ukasaini, na unajua niliwaza nini? Niliwaza, masikini mume wangu, kumbe naye hupitiwa. Nikaogopa wasije wakakucheka. Fomu yako sikuipeleka. Nikamwambia Mkuu tundu umeliona wewe, la pampu, na kwamba fomu utaandika nyingine. Nilidanganya kazini kwa ajili yako, na nilikuwa na furaha kabisa, hadi dakika ile ulipoitaja pampu. Mtu ambaye hakuliona tundu angeombaje pampu?"

Ndani ya chumba watu walikuwa wanacheka kwa kitu fulani. Baba Pacha alisikia shingo yake ikipata moto.

"Nilikosea," alisema. "Nisamehe, mke wangu. Nilikosea."

"Hapana." Mama Pacha alitikisa kichwa, na macho yake yalikuwa yamejaa. "Kukosea nakujua, ndiyo kazi yangu mchana kutwa. Ungekosea ningekurekebisha hata bila kukuambia, na ndivyo nilivyofanya. Wewe hukukosea. Ulichoandika ndicho ulichotaka kuandika."

Mlango ukafunguliwa, Miwani akatoka na sahani ya karatasi yenye vipande vya keki.

"Jamani, mashujaa mmejificha huku! Mkuu anawatafuta mpige picha."

"Tunakuja," alisema Mama Pacha, akijifuta uso haraka kwa kiganja. "Halafu, Miwani. Mpango wangu ujao wa bomba jipya, naomba univunjie wewe."

"Mimi?" Miwani alimtazama huyu, akamtazama yule. "Na Bomoabomoa yupo?"

"Amechoka. Ana mambo mengi."

"Basi nitakubomoa vibaya, shauri yako!"

"Jaribu uone."

Waliondoka pamoja wakipokezana maneno, Miwani akieleza angeanza kuuvunja kutokea wapi, Mama Pacha akimwambia huko hapiti hata kwa bahati. Mlangoni Miwani alisema jambo ambalo halikusikika vizuri, na Mama Pacha akacheka. Baba Pacha alibaki koridoni na wivu wake, na safari hii hakuwa na haja ya kuubunia sababu.