Mke Mwenzangu Randa

Mume wangu hakuoa mke wa pili, lakini mke mwenza nilikuwa naye. Alikuwa randa ya umeme, mashine ile ya kulainishia mbao, na alipata heshima ambazo mimi nilizisikia kwa majirani tu. Kila jioni alipanguswa vumbi, akafunikwa kitambaa. Hakuna aliyemwambia hata siku moja kwamba amezidisha chumvi.

Kwa hiyo asubuhi waliposema amezimika na hawaki tena, nilijisemea afadhali. Mungu anisamehe. Sikujua msiba wenyewe ungehamia chumbani kwangu.

Karakana yetu ni chumba cha mbele cha nyumba. Kati yake na jiko langu kuna ukuta mmoja tu, na ukuta huo hauna siri. Mzee alifanya kazi humo na binti yetu, kifungua mimba. Tangu ugonjwa umpige baba yake upande wa kulia, binti ndiye aliyenyanyua mbao nzito, lakini randa mzee hakuiachia.

"Baba, tununue mpya," binti alisema. "Hii imefanya kazi yake."

"Itatengenezwa."

"Basi niipeleke kwa fundi wa mota leo hii."

"Nitaipeleka mwenyewe."

"Lini?"

"Nimesema nitaipeleka, mama. Au siku hizi sisikiki?"

Hakuipeleka. Mara mvua, mara goti, mara fundi wa mota kasafiri. Fundi mwenyewe nilimkuta dukani akinunua sabuni, kavaa kandambili, hana hata dalili ya safari.

Milango tuliyoagizwa na shule ya watoto ilikuwa imeegemezwa ukutani, haijalainishwa. Binti akawa anaipiga randa ya mkono mpaka viganja vikatoka malengelenge. Jioni moja alikuja jikoni, nikampa beseni la maji ya vuguvugu aloweke mikono.

"Ijumaa nanunua mpya, Mama. Mwenye shule amesema kazi ataipeleka kwingine."

"Nunua."

"Nikinunua, Baba ataona nimemzika akiwa hai."

 Niliona machozi yakiingia kwenye lile beseni, nikajifanya natafuta kifuniko cha sufuria.

Kesho yake nikafua koti la mzee. Mke anayefua bila kupekua mifuko hajaolewa sawasawa. Ndani nikakuta vitu viwili vyeusi, vidogo kama punje za maharage, kila kimoja na springi yake. Nimelala na fundi miaka yote hii, makaa ya mota nayajua. Bila hayo, hata uchomeke umeme wa mji mzima, mashine haizunguki. Na haya hayakuwa yamelika. Kuna mkono ulioyatoa.

Nilimpelekea mzee chai chumbani. Kwenye kisosi, mahali pa sukari, nikaweka yale makaa.

"Meno ya mke mwenzangu haya," nikasema. "Yametoka mfukoni mwako. Umemng'oa kwa sababu gani, mligombana?"

Aliyatazama mpaka chai ikaacha kutoa mvuke.

"Unakumbuka ule mlango wa mwisho?" akauliza.

Nilikumbuka. Kwetu mlango hautoki mpaka mzee aupapase kwa mgongo wa vidole, macho kafumba, halafu aseme, "Umelala," yaani hauna bonde wala kinundu. Akishasema, hakuna wa kuugusa tena. Siku ile aliupapasa, akasema umelala, akaja kula. Tukiwa mezani randa ikalia upande wa pili wa ukuta. Kidogo tu, ikanyamaza.

"Ulisikia?" akauliza.

"Nilisikia."

"Mwanao alikuwa anarudia. Kaona bonde nililolipitisha mimi, kaniheshimu, hakusema. Mkono huu hausikii mbao tena, mama watoto. Niendelee, yeye awe anapita nyuma yangu akifuta, kama nimejikojolea? Mashine ikiwa mbovu, hakuna anayeuliza mkono."

Mimi nina mzaha kwa kila jambo. Hata msibani nimewahi kuombwa nitoke nje. Hapo nilipekua kichwa changu chote, sikukuta kitu. Nikaukamata ule mkono wake wa kulia. Sijui kama aliusikia wangu.

"Kesho kutwa mwanao ananunua nyingine," nikasema baadaye. "Hii itakwenda kwa wauza vyuma chakavu. Itupwe nzima, kwa kosa lisilo lake? Simpendi yule, lakini hata mimi naona aibu."

Akainuka, akachukua makaa. Nilimfuata na birika mkononi, nisionekane mbea.

Binti alikuwa ameinama juu ya mlango. Baba yake akafungua kiganja. Binti aliyatazama makaa, akatazama randa, akaacha kazi taratibu.

"Ule mlango," mzee akasema, "bonde lilikuwa wapi?"

Binti akaniangalia. Mimi nikakagua dari.

"Karibu na bawaba, Baba. Dogo."

"Mbona hukuniambia?"

"Ningeanzaje?"

Mzee aliketi na randa mapajani, akayarudisha makaa kwa mkono wa kushoto. Kifuniko chake kidogo kikamponyoka. Binti akainama kukiokota, nikakohoa, akakiacha. Mzee akakitafuta mwenyewe kwenye maranda ya mbao, kikaponyoka tena, na mwisho kikakaa. Akabonyeza. Mke mwenzangu akapiga kelele zake zilezile, mzima wa afya. Mzee akamzima, akampa binti kwa mikono miwili, ule mzima ukibeba uzito wote.

"Hii ipo, tusinunue nyingine," akasema. "Ila 'umelala' utasema wewe. Mimi nitakaa hapa."

Binti akalainisha mlango mmoja kuanzia juu mpaka chini. Akafumba macho, akaupapasa kwa mgongo wa vidole, polepole, akapita, akarudi. 

"Bado," binti akasema.

Mzee akageukia dirishani. Kama alitabasamu au alilia sikujua, maana upande wa uso uliokuwa kwangu ni ule usiosema tena.

Jioni mzee aliondoka karakanani bila kugusa kitambaa. Niliingia, nikampangusa mke mwenzangu vumbi, hata kwenye pembe, nikamfunika. Nikamwambia asizoee.