Moyo Uliopimwa Ukiwa Umekaa

Hakuna aliyemruhusu Uwitonze anyanyue hata kikombe. Kila alipotaka kusimama, mkono wa mtu ulimrudisha kwenye mkeka.

Alikuwa ametoka Mbarara siku hiyohiyo, na shingoni kilining'inia kijimashine kidogo kama redio ya mfukoni. Nyaya zake zilipita chini ya blauzi hadi kwenye vibandiko vilivyogandishwa kifuani. Daktari alimwambia akivae mchana na usiku ili kirekodi mapigo ya moyo, asikiloweshe, akirudishe kesho. Lakini waendesha boda boda wa kambi ya wakimbizi ya Nakivale wana midomo, na habari ilifika nyumbani kabla yake. Majirani wakafanya kile ambacho Wanyamulenge, wafugaji kutoka Kivu ya Kongo, hufanya mtu wao anapotoka hospitali: walikuja na maziwa.

"Kaa, Mama Muhire!" alisema Pélagie, jirani wa ukuta kwa ukuta. "Ile mashini ukiivunja utailipa na nini? Na ile mbuzi yako ya jicho moja?"

Watu wakacheka. Uwitonze naye akacheka, kisha akajaribu tena.

"Dokita alisema nifanye kazi yangu kama siku zote."

"Kazi ya mugonjwa ni kulala. Kunywa."

Akanywa. Maziwa ya mtu aliyetembea kukuletea huwezi kuyakataa. Pélagie akamchotea maji, mwingine akampalilia maharage yaliyokuwa nyuma ya nyumba, wa tatu akapika. Uwitonze alikaa ameegemea ukuta kama mzazi aliyejifungua jana.

Jioni mamamkwe wake, Nyirabahire, alikuja akasimama mlangoni. Mgongoni alikuwa amembeba Muhire, mtoto wa Uwitonze, ingawa kijana alikuwa ametimiza miaka mitatu na miguu yake ilimfikia bibi magotini. Mtoto alinyoosha mkono kuelekea kwa mama yake. Tangu kiwiko hadi kifundo, mkono ule ulikuwa na kovu linalong'aa.

"Mama, mushushe anisalimie."

"Atavuta nyaya," alisema Nyirabahire. Hakuwa na ukali. Alikaa kidogo, akaweka kibuyu chake cha maziwa pamoja na vingine, akaondoka na mtoto.

Kovu lile ndilo lililomhamisha Muhire nyumba. Mwaka mmoja na nusu kabla ya hapo, mwanzoni mwa 2012, ng'ombe wa watu waliingia kwenye maharage. Uwitonze akawakimbiza, mtoto akiwa mgongoni, kisha akapanda mbio hadi jikoni kwa sababu chungu kilikuwa motoni. Alifika akaanguka palepale, kwenye mafiga. Aliyewatoa wote wawili kwa mikono yake alikuwa Nyirabahire, na mikono hiyo nayo iliungua. Usiku ule alimchukua mjukuu wake, akavuka naye barabara hadi nyumbani kwake. Hakumrudisha.

"Sikunyang'anyi mutoto," alimwambia Uwitonze. "Ninamuchunga abaki muzima. Wewe una kifafa. Ukipona, utanikuta hapa."

Mihigo, mume wa Uwitonze, alikuwa akinunua na kuuza maharage mpakani Kikagate, na nyumbani alionekana mwisho wa juma tu. Alisema wangoje kidogo. Kidogo kikawa kirefu. Uwitonze alimeza vidonge vya kifafa kila siku, vikamfanya asinzie kwenye jembe, na bado alianguka. Kanisani walimwombea, naye akaitikia amina. Ila siku walipotaka kumtoa pepo, alisimama, akajifunga kitenge vizuri.

"Mungu ananijua," aliwaambia. "Huyo pepo munayemutafuta hayuko. Mutachoka bure." Akatoka. Jumapili iliyofuata alirudi akakaa benchi la mbele.

Hivyo ndivyo alivyokuwa. Alifika Nakivale akiwa msichana wa miaka kumi na sita, akalala kituo cha mapokezi cha Kabazana wiki nyingi akingoja kiwanja, na tangu hapo hakuwahi kukubali kwamba jambo limekwisha kwa kuwa mtu amesema limekwisha. Kwa hiyo muuguzi wa kituo cha afya alipotangaza kwamba Mbarara kuna utafiti, kwamba wanatafuta watu wanaomeza dawa ya kifafa na bado wanaanguka, ili wajue kama wengine wao wanaumwa moyo, Uwitonze aliinua mkono kabla muuguzi hajafunga mdomo.

Sasa, asubuhi iliyofuata siku ile ya maziwa, alikuwa tena Mbarara, mbele ya Daktari Kamusiime, aliyeendesha utafiti huo. Alikuwa mwanamke wa Isingiro, mfupi, asiyependa haraka. Walizungumza Kiswahili kilichokutana njiani: cha daktari kilikuwa cha barabarani, cha Uwitonze kilitoka Kivu. Mahali kilipokwama, kila mmoja aliongeza lugha ya kwao, na zinakaribiana.

Daktari alipitisha mistari ya mapigo kwenye kompyuta, ukurasa baada ya ukurasa.

"Nyabo, mama, moyo yako iko sawa. Mchana sawa, usiku sawa. Mimi hapana ona shida."

Uwitonze aliitazama ile mistari. Vilima vidogo vilivyofuatana, kimoja kama kingine.

"Apana," alisema.

"Ni habari mzuri, nyabo."

"Kwako ni muzuri. Miye nikirudi na hii habari, basi nina kifafa mpaka kufa, na mutoto wangu atalelewa ng'ambo ya barabara." Alishika kingo za kiti kwa mikono miwili. "Nipime tena."

"Mashine ni moja kwa mtu moja, siku moja. Leo iko mwingine nje nangojea."

"Aingie. Kiti ni chenu, lakini miye sitoki."

Mtu mwingine angemwita askari. Daktari Kamusiime alimtazama, kisha akarudisha macho kwenye kompyuta, akapitisha kurasa upya, polepole zaidi. Kuna kitu kilimfanya akunje uso.

"Jana ulifanya nini?"

"Nilikunywa maziwa."

"Na nyuma yake?"

"Nilikunywa ingine."

Daktari alicheka hadi akavua miwani. Lakini aliacha kucheka upesi. "Kazi hapana? Maji? Shamba? Mimi nilikuambia fanya kazi!"

"Nilibaambia. Batu bangu banapenda mugonjwa sana." Uwitonze naye alitabasamu kidogo. "Mulipima moyo umekaa. Miye sijaanguka nimekaa hata siku moja. Naanguka nikikimbia. Nikipandisha maji kwa kilima. Nikishtuka sana."

"Uliniambia unaanguka shambani."

"Ndiyo. Shamba iko juu ya kilima."

Daktari akaweka kalamu chini. Akauliza swali ambalo hakuna mtu aliyewahi kumuuliza Uwitonze: kama kuna ndugu yake mwingine aliyekuwa akianguka.

"Kaka yangu, Sebagabo. Kule Kivu, juu milimani. Alikimbiza ndama. Alianguka, hakuamuka. Alikuwa na miaka kumi na mbili. Basema alirogwa."

Kisha daktari alieleza, bila kupunguza chochote. Kuna mioyo ambayo mtu akitulia hupiga vizuri kabisa, na akikimbia au akiogopa huvuruga mapigo, damu isifike kichwani, mtu akaanguka. Kuiona ni lazima mgonjwa akimbie huku akipimwa, juu ya mkanda unaozunguka chini ya miguu. Mkanda uko jengo la pili. Mashine ya kushtua moyo itakuwa karibu, wauguzi watakuwa karibu. Lakini moyo wenyewe ndio utakaochokozwa, na kuna mioyo ambayo ikichokozwa hairudi.

"Rudi nyumbani, fikiri. Kama nataka, kuja na mtu mkubwa wa familia. Peke yako hapana."

"Nimeshafikiri," alisema Uwitonze. Akainuka.

Mihigo alikuwa Kikagate. Lakini hata angekuwepo, Uwitonze hakumtaka yeye. Jioni alivuka barabara, akamkuta Nyirabahire akipepeta maharage uani, Muhire akiwa ameketi miguuni pake na kuokota yanayoruka.

"Mama, nataka tuende Mbarara wawili."

Alimweleza yote: mkanda, hatari, mashine ya kushtua. Nyirabahire aliacha kupepeta.

"Unataka niende kukuona ukijiua?"

"Nataka uende kuona."

"Mihigo nitamwambia nini? Kwamba nilisimama kando?"

"Mama, sikiliza. Nikianguka pale na bakasema ni kifafa, Muhire abaki kwako. Sitakuomba tena. Sitasimama barabarani kumuangalia kama mwizi. Lakini kama haiko kifafa, utanirudishia."

Uwitonze alisema hayo kwa sauti ileile ambayo angetumia kuomba chumvi. Mamamkwe alimtazama, akatazama mikono yake mwenyewe, ambayo ngozi yake ilikuwa na mabaka meupe tangu siku ya moto.

"Una kichwa ngumu," alisema. "Na moyo mubaya juu yake."

"Ndiyo hiyo tunaenda kuangalia."

Nyirabahire hakutaka kucheka, lakini mdomo ulimsaliti.

Walikwenda Jumanne, Muhire akabaki kwa Pélagie. Jengo la pili lilinuka rangi mpya. Mkanda ulikuwa mweusi, wenye vishikio pembeni. Walimbandika Uwitonze nyaya nyingi kuliko mara ya kwanza, wakampa raba za mtu mwingine zilizomzidi, akafunga kamba mara mbili. Nyirabahire aliketi kwenye kiti cha plastiki, mbele ya skrini. Daktari alimwonyesha mstari: hiki kilima ni pigo moja, hiki ni lingine.

"Kama wanajeshi kwa mustari," alisema Nyirabahire.

"Eeh, mama. Sasa tunaona kama watatoka kwa mstari."

Mkanda ukaanza. Uwitonze alitembea. Ukaongezwa. Alitembea haraka, kisha akakimbia, raba zikipiga kofi. Alikuwa hajakimbia kwa kutaka mwenyewe tangu utoto, na kila hatua ilimwambia aache. Hakuacha. Alimtazama mamamkwe wake usoni, moja kwa moja, kama anayesema: usifumbe macho.

"Sema kitu," daktari aliagiza. "Nasikia vipi?"

"Nasikia ninakimbia na sifiki fasi yoyote," alijibu akihema. Muuguzi akacheka.

Hapo Nyirabahire alisimama. Kwenye skrini, vilima havikuwa tena kama wanajeshi. Pigo moja lilielekea juu, lililofuata likaelekea chini, juu, chini, mapana na ya haraka, kana kwamba mioyo miwili iligombania mwili mmoja. Na Uwitonze bado alikuwa amesimama, macho wazi, hajatikisika, hajauma ulimi.

"Simamisha!" alisema daktari, na mkanda tayari ulikuwa unapungua. Walimlaza. Muuguzi alishika mashine ya kushtua, daktari alishika mkono wa Uwitonze, na wote wakatazama skrini. Juu, chini, juu, chini. Nyirabahire alikuwa akiomba kwa sauti, bila kujua kwamba anaomba. Kisha pigo moja likakaa sawa. Jingine. Na jingine. Wanajeshi wakarudi kwenye mstari, mmoja mmoja, kama waliotoroka bila ruhusa.

"Haiko kifafa," alisema Uwitonze akiwa chali.

"Hapana," alisema Daktari Kamusiime. "Hapana kifafa kabisa."

Dawa ilikuwepo, na haikuwa ngeni: vidonge vya kutuliza mapigo ambavyo hospitali ilikuwa ikiwapa watu wengi kwa mambo mengine. Avimeze kila siku, asiruke hata moja. Asikimbie tena, hata ng'ombe wa watu wakila maharage yote. Arudi apimwe tena, ili wajue dawa inafanya kazi kiasi gani. Daktari hakuahidi kwamba hataanguka kamwe. Alisema ataanguka mara chache zaidi, pengine asianguke.

Nyirabahire alisikiliza mpaka mwisho. "Ni moyo, nimeona," alisema. "Lakini mutu akianguka kwa moyo, mutoto aliye mugongoni anaanguka pia. Moto hauulizi ni ugonjwa gani."

Uwitonze alifungua mdomo, lakini daktari alitangulia.

"Mama, iko jambo ingine. Hii ugonjwa napita kwa damu. Kaka alikuwa nayo. Mtoto tutapima pia. Pengine anayo, pengine hana. Mpaka tujue, asikimbie sana."

Nyirabahire akakaa kwenye kiti cha plastiki. Kwa mwaka mmoja na nusu alikuwa amemvusha mtoto barabara ili amweke mbali na jambo hili. Uso wake ulionekana mzee ghafla. Uwitonze aliuona, na hakuufurahia. Alishuka kitandani, nyaya zikining'inia, akaenda kuchuchumaa mbele yake.

"Mama. Muhire akianza kuwa na hii kitu, nani ataijua mbele? Wewe utaona mutoto anacheza. Miye ninaijua inavyokuja. Inaanza hapa, kama ndege ndani ya shati. Katika Nakivale yote hakuna mutu anayeijua kuliko miye. Mutoto akae na mutu anayeijua."

Nyirabahire alimvuta karibu. Kisha akaanza kumbandua vibandiko kifuani, kimoja kimoja, taratibu, akilowesha kila kimoja kwa kidole chenye mate ili kisimwume.

Walifika Nakivale jua likiwa bado juu. Muhire alikuwa uani kwa Pélagie. Alipowaona akaanza kukimbia kuwajia.

"Tembea!" walipiga kelele wote wawili, kwa mara ya kwanza wakisema neno moja. Mtoto akashtuka, akatembea.

Uwitonze alimwinamia, mikono tayari.

"Mugongoni apana," alisema Nyirabahire kwa ukali. "Kwa mukono, sawa. Na jikoni nitapika miye mpaka dawa ikuzoee."

"Pika. Miye nitakaa ninywe maziwa." Uwitonze aliushika mkono wenye kovu, akageuka kuelekea nyumbani kwake, upande wake wa barabara. "Kwa mukono, leo. Mambo ya mugongo tutagombana kesho."

"Tutagombana," alisema mamamkwe, akachukua pale uani dumu la maji ambalo ilikuwa zamu ya Uwitonze kulibeba, akawafuata.