Jaribio la Thelathini na Saba

Pua ya Ghislain ilianza kumtupa mkono mwezi wa Januari, baada ya homa iliyomlaza wiki tatu. Kwanza ilipotea kahawa, kisha sabuni, na maua ya mimosa yalipochanua mji mzima wa Grasse yeye aliyaona kwa macho tu, kama mtalii. Daktari hakumficha: kilichobaki kingeweza kuisha kabla ya mwaka kwisha. Mzee wa miaka sabini na tatu, mtunzi wa manukato yaliyovaliwa na nusu ya akina mama wa Ufaransa, na sasa hajui maziwa yameharibika mpaka ayanywe!

Manukato ya akina mama hakuyalilia. Alitaka harufu moja tu, ile aliyomtungia mpenzi wake Anselme mwaka 1982, ambayo haikuuzwa dukani wala kupewa jina. Waliiita Thelathini na Saba, kwa sababu majaribio thelathini na sita ya kwanza yalimwagwa. Anselme aliivaa miaka tisa, hadi ugonjwa ule uliowapukutisha vijana wengi wa kizazi chao ulipomchukua. Masalia ya chupa yake yalikwisha kuchacha zamani.

Basi asubuhi moja ya Mei, mawaridi yakishushwa kwa magunia uani, Ghislain alirudi kwenye kiwanda alichostaafia, fomula yake mfukoni, akamtafuta Solène. Mikono yake mwenyewe ilikuwa ikitetemeka, na mzani wa maabara hauna huruma na mikono ya namna hiyo. Solène, binti aliyekuwa mwanafunzi wake, ndiye mtunzi siku hizi. Picha ya mke wa binti huyo, Maëlys, imebandikwa pale pale juu ya mzani, meneja anaiona, wageni wanaiona. Ghislain hupenda kuitazama picha ile, na huionea wivu.

Enzi zake mambo hayakuwa hivyo. Yeye alikuwa mtunzi na Anselme mpimaji wake: mmoja anaandika, mwingine anapima tone kwa tone. Kiwanda kizima kilijua, na hakuna aliyefungua kinywa. Walikuja kazini kwa njia mbili tofauti, wakaitana "bwana" kutwa nzima, na saa sita Anselme aliacha nusu ya mkate wake wa zeituni dirishani kwa Ghislain, kama mtu aliyeusahau. Zilikuwa siku za woga, lakini jamani, zilikuwa tamu!

Solène alipima, akakoroga, akachovya kipande cha karatasi.

"Haya, babu. Nusa."

Ghislain alinusa. Limau lilikuwepo, lavenda ilikuwepo, asumini kwa mbali.

"Siyo."

"Siyo vipi? Nimepima kama ulivyoandika."

"Hii imeoga sana. Anselme alinukia mtu."

Solène akanusa naye, akakunja uso. "Shida ni zabadi. Umeandika iliyozimuliwa, tena chembe. Kwa chembe hii utapata wapi joto la mwili?"

Zabadi ni mafuta ya fungo. Yakiwa makali hunuka zizi, na mtunzi mwenye adabu huyazimua kwa spiriti, sehemu moja kwa kumi, ndipo ayaguse. Ndiyo maana mezani kwa mpimaji hukaa chupa mbili zinazofanana, kali na iliyozimuliwa.

"Binti, huo ndio ufundi wangu," alisema Ghislain. "Joto la mwili kwa chembe ya zabadi. Niliwafundisha nyote."

"Ulitufundisha, ndiyo. Na hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuweza."

"Kwa sababu ni wazembe."

"Au kwa sababu haiwezekani. Ngoja kidogo."

Aliteremka stoo, akarudi na daftari la Anselme lenye vumbi. Mtunzi aliandika fomula, lakini mpimaji alikuwa na daftari lake, akiandika kile ambacho mkono wake umetia kweli. Watunzi hawakuyafungua madaftari hayo. Ya nini? Sheria ilijulikana: aliyekosea kupima husema, na kilichokosewa humwagwa. Ghislain alikuwa mkali kuliko wote kwa hilo. Aliwahi kumwaga kazi ya wiki nzima kwa ajili ya tone moja la limau, Anselme akimtazama.

Solène alisoma kwa sauti. "'Jaribio la thelathini na saba. Nimeshika chupa siyo. Nimetia zabadi kali badala ya iliyozimuliwa. Nilikuwa namwangalia yeye.'" Akamtazama. "Niendelee?"

"Soma."

"'Amenusa, amefumba macho, kisha amenibusu, dirisha likiwa wazi. Simwambii ng'o.'"

Akafunua kurasa. Kila mwezi wa Aprili, siku ya kuzaliwa kwake, Anselme aliijaza upya chupa yake na kuandika kwa mwandiko ule ule: thelathini na saba, kosa lile lile, kwa makusudi.

Masikio ya Ghislain yaliwaka moto. Miaka arobaini amejipigia kifua kwa chembe ile mbele ya wanafunzi!

Solène hakumsubiri. Alipima upya, safari hii kwa zabadi kali, ambayo siku hizi hutengenezwa maabara na fungo hasumbuliwi. Akampa karatasi.

Ikaja. Haikuja yote, pua ilikuwa imechoka, lakini ilikuja. Ilikuwa shingo ya Anselme, na kola ya shati lake la Jumapili, na mto asubuhi baada ya kuondoka. Ghislain aliivuta kwa pupa, akaogopa itakatika, akaivuta tena. Machozi yalikuwa yameshafika kidevuni.

"Ndiyo yenyewe?" aliuliza Solène.

"Mwongo mkubwa yule! Miaka tisa ananitazama usoni!"

"Alikupenda, babu."

"Najua alinipenda, nani kabisha? Hunisikii wewe. Angeniambia, ningeimwaga." Alikuwa ameishika karatasi kwa mikono yote miwili. "Mbele ya macho yake, Solène. Ningeimwaga."