Chumvi ya Bwanaheri

Bwanaheri alijiona bingwa wa ndimi za inzi, na kwa kweli Kibiti nzima hakuna aliyemgombea cheo hicho. Alikuwa kibarua wa Mzungu mmoja wa serikali ya Mwingereza, ambaye watu walimwita Bwana Wadudu. Kazi yake ilikuwa kulea mabuu ya inzi chupani: hawa aliwapa chakula chenye sukari tele, wale uji mtupu. Walipoota mabawa, aliwagusisha miguu kwenye maji yenye sukari kidogo, maana inzi huonja kwa miguu. Inzi wa uji walichomoa midomo upesi, wanyonye. Wa sukari walikaa tu, hawakuonja kitu. Bwanaheri aliwacheka hadi machozi yakamtoka, akawaita majinga.

Siku hizo alikuwa amepeleka posa kwa Mzee Mshamu, amwoe bintiye Mwanahalima. Mzee hakukubali wala hakukataa, ila alimtaka aje kupika pilau ya maulidi, ili amtazame vizuri. Bwanaheri, aliyempenda Mwanahalima hata akakosa usingizi, alijitwika sufuria zima peke yake. Akaonja: chumvi hakuna. Akatia. Akaonja tena: bado. Akatia nyingine, akiwasikitikia wapishi wa Kibiti wasiojua kukoleza.

Wageni walimeza tonge la kwanza, wakaomba maji. Bwanaheri alimaliza sahani yake, akashangaa wenzake wamekosa hamu.

Mzee Mshamu alimwita kando, akamuuliza amekulia wapi. Alijibu kwamba ni kisiwani, huko delta, mto unapoingia baharini, na kisima chao ni cha maji ya chumvi. Tangu uji wa utotoni walipikia hayo hayo. Hapo akazikumbuka zile chupa, na inzi waliolelewa kwa sukari hata wasiisikie tena. Kwa aibu kubwa akasimulia habari yote ya inzi, na jinsi alivyowacheka.

"Kumbe aliyeniletea posa ni inzi?" Mzee aliuliza.

"Inzi, Mzee. Tena wa ile chupa ya majinga."



"Chumvi hutaigusa tena nyumbani mwangu," Mzee alisema. "Na wajukuu zangu watalelewa hapa hapa, kwenye maji baridi yasiyo na chumvi."

Bwanaheri alichelewa kuelewa kwamba amekubaliwa. Alipoelewa, alifurahi mno. Kisha akamkumbuka mama yake kule kisiwani, na wajukuu ambao siku moja wangeonja uji wake wa maji ya chumvi na kuutema.