Ndoo za Lovina

Orrin Tefft aliikuta rangi ya buluu asubuhi, theluji ikiwa bado imeng'ang'ania kivulini. Kila msonobari wa shamba la juu ulikuwa na doa kifuani, maana yake ukatwe. Hilo hakulipinga. Misonobari ile ilikuwa imekufa wima, sindano zake nyekundu kama kutu. Kilichompandisha mori ni madoa aliyoyakuta chini ya ukuta wa mawe, kwenye kipande cha marehemu mkewe, Lovina.

Miaka thelathini na minane nyuma, alipouza ng'ombe wa mwisho na shamba likabaki majani, ofisi ya misitu ilimletea miche ya bure na mkataba. Msonobari mtupu, kwa mistari. Mti mwingine ukijiotea, ung'oe. Orrin, wa darasa la sita, angebishana na nani? Kila kiangazi alipita na shoka akifyeka micheri, mialoni na miti ya sukari, ile inayotoa utomvu mtamu ikitobolewa. Wakampa kibao cha bati: Shamba la Mfano.

"Chini ya ukuta huingii," Lovina alimwambia, akalikalia shoka. Alilikalia kweli, kikombe cha kahawa mkononi. "Ng'ombe wa zizi moja tuliwaona wakifa wiki moja. Leo miti nayo unaitia zizi moja?"

Orrin akamwachia, si kwa kushawishika, kwa kuchoka.

Sasa Whitcomb, afisa wa misitu, alisimama pale ukutani na karatasi yake, pembeni yake Clayton Rusk, mkata miti, mtani wa Orrin tangu ujana.

"Bwana Whitcomb, umepaka mpaka miti mizima!"

"Mzee Tefft, ramani inasema pote ni misonobari. Kuvu hii inayoiua inapita mzizi kwa mzizi. Tunasafisha pote, tunapanda upya."

"Mnapanda nini?"

"Msonobari wa Ulaya. Unakua haraka zaidi."

"Na mwenzake nani?"

"Peke yake."

Orrin alimshika mkono wa koti, akamsukuma hadi kwenye msonobari mmoja, mnene, kijani mpaka kileleni, umebanwa kati ya mcheri na mti wa sukari.

"Huu na ile mizoga ya juu niliipanda wiki moja, kwa jembe moja. Mizizi yake ikinyoosha mkono inamkuta nani? Haimkuti ndugu yake mgonjwa. Tazama juu, bwana, acha kutazama karatasi!"

Whitcomb alitazama juu, kwa muda mrefu. Kisha akarudi kwenye karatasi. "Labda unayo hoja. Lakini ramani si yangu kubadili. Jumatatu wanaanza."

"Mliniambia nikate, nikakata! Kilima kizima nimekiua kwa mikono hii, nanyi mkanipa kibao!"

"Usinitolee macho mimi, Orrin," Clayton alisema. "Nakata kilichopakwa. Isipokuwa mti wenye chuma. Msumari mmoja unakula mnyororo wote wa msumeno wangu, na kiwandani gogo lenyewe wanalikataa." Akatema mate pembeni. "Halafu hii ni Machi. Mkeo angekuwa keshatundika ndoo zake za utomvu."

Ndoo zilikuwa ghalani, zimepandana, hazijaguswa tangu mazishi. Orrin alizishusha zote. Alitoboa miti ya sukari, akapigilia mirija ya chuma kwa nyundo, ndoo juu ya kila mrija. Miti ya sukari ilipokwisha akaingia kwenye micheri, kisha mialoni, mwisho misonobari. Kila pigo alilitaja jina la bosi mmoja wa ofisi ile, na majina hayakumwishia.

Jumatatu Clayton alizima mashine, akacheka mpaka akashika mbavu.

"Orrin! Msonobari hautoi sukari, baba!"

"Wewe nawe hutoi akili, na bado nakuvumilia."

"Kata," Whitcomb aliamuru.

"Mnyororo utaununua wewe?" Clayton aligeuza mashine, akapanda nayo shamba la juu.

Whitcomb alisimama na simu sikioni, akiomba karatasi nyingine. Orrin alijua itakuja. Hawa watu karatasi haziwaishii. Ulibaki msonobari mmoja usio na chuma, ule mnene, na ndoo zilikuwa zimekwisha. Akaenda kukibandua kibao cha Shamba la Mfano mlangoni pa ghala, akakigongomea kwenye msonobari ule, juu ya doa la buluu. Misumari miwili ingetosha. Alipiga tisa.