Sauti Nyuma ya Ukuta wa Mianzi

Mwaka ule Wadachi walipokuwa wakikamata wanaume wa kubeba mizigo ya vita, Nsajigwa naye alichukuliwa. Mkewe, Atuganile, akabaki Ndandalo jirani na wakwe zake. Baba mkwe, mzee Mwakalinga, hakuwahi kusema naye tangu aolewe. Ndiyo mila ya Wanyakyusa: mke wa mwana hamtazami baba mkwe, hazungumzi naye, wala hakanyagi nyumbani mwake. Mzee akitokea njiani, Atuganile alijitosa migombani mpaka apite.

Siku moja mzee aliitwa bandarini Mwaya, ambako askari na wapagazi walikuwa wamebanana wakikohoa. Alirudi na homa kali ya mafua. Jioni watu wa nyumbani walimzunguka motoni wapate habari za vita, kibuyu cha maziwa ya mgando kikapita mdomo kwa mdomo, na mwenyewe akikohoa katikati yao. Haikuchukua siku nyingi wote wakawa kitandani, mama mkwe na shemeji wawili. Atuganile tu, ambaye mila ilimweka mbali na moto ule, alibaki mzima.

Alipopeleka maji, mama mkwe alimkataza akiwa ndani, sauti imemkauka, asisogee mlangoni. Basi akawa anaweka chakula nje juu ya jani la mgomba na kurudi nyuma. Majirani waliacha kuja. Hata aliokutana nao kisimani waliitikia salamu wakiwa mbali, na jua lilizama bila mtu kumwita jina lake.

Shemeji walikufa wakifuatana, kisha mama mkwe. Wanaume wachache walizika upesi, wakaondoka bila kukaa matanga.

Asubuhi iliyofuata Atuganile alikuta kile kibuyu cha maziwa kimesogezwa kizingitini, kitupu. Akainama akichukue.

"Kiache hapo hapo, mwanangu," mzee alisema nyuma ya ukuta wa mianzi. "Wote walionywea hicho wamekwisha. Usikishike."

Atuganile aliganda. Hakujua mke wa mwana akisemeshwa na baba mkwe hufanya nini. Mwishowe alikwenda kuchota maji, akayamimina kibuyuni kutoka juu, mkono wake usiguse popote.

"Ndaga," mzee alimshukuru.

 Atuganile hakuondoka. Aliketi uani, mbali kidogo, akasikiliza kikohozi kile mpaka jua likawa kali, kwa kuwa ilikuwa sauti ya mtu.

Mzee alipona. Alichoma mikeka, nguo za marehemu na kile kibuyu, akaanza kutembea kwa fimbo. Hakumsemesha tena, na akisikia hatua zake alishika njia nyingine. Vita vilipopita kuelekea kusini, wapagazi wengine walirudi, Nsajigwa hakuonekana. Wakabaki wawili, kila mmoja na moto wake. Atuganile alipika, akapeleka sehemu ya mzee hadi uani, akarudi kula peke yake. Angependa kumsimulia mtu kwamba aliwahi kuitwa mwanangu. Lakini kusema hivyo kungekuwa kumwaibisha mzee, na isitoshe, hakuwapo wa kumwambia.